Nyonga ya Mkaguzi

Rula ya maumivu ilikuwa ya plastiki nyeupe. Mwisho wake wa kushoto palichorwa uso unaotabasamu, na chini yake sifuri. Mwisho wa kulia palichorwa uso unaolia, na chini yake kumi. Daktari mtafiti, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, aliiweka mezani mbele ya mzee aliyevaa suti ya kijivu.

"Kwa wiki hii iliyopita, Mzee, maumivu ya nyonga yalikuwa wapi?"

Mzee aliitazama rula bila haraka. Watu wote walimwita Mkaguzi, ijapokuwa alikwisha kustaafu kazi ya kukagua shule, na hata mkewe alimwita hivyo siku za kukosana. Aliweka ncha ya kidole juu ya namba moja.

"Hapa."

"Moja tu?"

"Moja. Na hiyo moja, binti yangu, ni kwa kuwa naogopa kusema sifuri ukadhani najisifu."

Daktari alicheka, akaandika. Mke wa Mkaguzi, aliyeketi ukutani na mkoba mapajani, hakucheka.

Maswali yaliendelea. Je, hupanda ngazi bila kushika reli? Hupanda. Je, huingia garini na kutoka bila taabu? Bila taabu. Je, huvaa soksi mwenyewe? "Naam," alijibu Mkaguzi. Mkewe, ambaye asubuhi ile ile alipiga magoti sakafuni akamvalisha soksi hizo hizo huku mume ameuma pembe ya mto, aliinua uso akaikazia macho feni ya darini kana kwamba ndiyo kwanza aione feni maishani mwake. Mke aliyelelewa hamkanushi mumewe mbele ya watu, humngojea nyumbani.

Na nyumbani alimngojea.

"Baba Watoto, nikuulize."

"Uliza."

"Ile moja uliyomwonyesha yule binti ilikuwa ya mguu upi? Maana huu ninaoukanda mimi kila alfajiri siujui kuwa na moja."

"Mambo ya utafiti usiyaingilie, Mama Watoto. Yana wenyewe."

"Sikuingilia utafiti. Mimi niliingilia soksi."

Mkaguzi alifungua gazeti, akajificha nyuma yake.

Ugonjwa ulimwingia kwa mlango wa dawa. Kwa miaka mingi kifua chake kilikuwa kikibana, na vidonge vilivyomfungulia pumzi ndivyo, taratibu na bila kelele, vilivyoziba vijishipa vinavyolisha kichwa cha mfupa wa paja, pale kinapoingia katika kikombe cha nyonga. Mfupa usiofikiwa na damu hufa kama tawi lililokatwa: hubaki mahali pake, lakini hauna uhai. Katika hospitali kubwa walikuwa wakitafuta namna ya kuuokoa mfupa wa jinsi hiyo kabla haujaporomoka. Washiriki wote walitolewa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, kwa sindano nyuma ya kiuno, na wote wakatobolewa tundu jembamba hadi ndani ya mfupa ili damu ipate njia mpya. Baadhi yao walirudishiwa uboho wao, umechujwa, ndani ya tundu lile. Wengine hawakurudishiwa kitu. Nani alipata kipi hakuna aliyejua, si mgonjwa wala daktari aliyempima, mpaka utafiti ufike mwisho. Na kama kichwa cha mfupa kingebonyea, mshiriki angewekewa kiungo bandia bila kulipa chochote.

Haya yote Mkaguzi alielezwa vizuri, akayaelewa vizuri, isipokuwa jambo moja. Siku ya kutia sahihi daktari alimwambia, "Tunawategemea watu kama wewe, Mzee. Matokeo yakiwa mazuri, wengi watatibiwa." Maneno hayo mtu mwingine angeyasikia, akashukuru, akayasahau. Mkaguzi aliyapokea kama wajibu. Yeye alikuwa mtu wa shule tangu utoto, na katika shule alizozijua mtoto mmoja akianguka mtihani huishusha shule nzima. Akaamua kwamba yeye hataishusha. Kila namba ndogo aliyoionyesha kwenye rula aliiona kama tofali katika jengo litakalowafaa watu asiowajua, na maumivu yake akayahesabu kuwa gharama ya ujenzi, ambayo muungwana haitangazi.

Daktari naye kila mara alimaliza kwa maneno yale yale: "Kumbuka uko huru kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu." Mkaguzi aliyasikia kama mgeni anavyomsikia mwenyeji anapomwambia aongeze chakula ilhali sufuria imekwisha kukwanguliwa. Ni maneno ya adabu. Mgeni mwenye adabu hujibu kwamba ameshiba. Basi naye alijibu, "Nitaendelea, binti yangu," na mlango ulioachwa wazi akaufunga kwa mkono wake mwenyewe.

Nyumba ilianza kupungua. Kwanza alikiacha kibaraza cha nyuma, kwa sababu ya ngazi zake. Kisha kochi, kwa kuwa lilikuwa la chini na kuinuka kwake kulihitaji watu. Kisha bafu likawa safari ya kupangiwa. Mwishowe alibaki na kiti kimoja cha mbao, kigumu na kirefu, karibu na dirisha, na wajukuu wakajifunza kuuzunguka mguu ulionyooshwa kama wanavyozunguka meza. Mjukuu wake wa mwisho wa kike, aliyezoea kumpanda pajani na kusomewa, alipokuja na kitabu aliambiwa, "Nenda kwa bibi, ana sauti nzuri kuliko yangu." Mtoto alimtazama, akamtazama bibi, akasema, "Bibi hana miwani." Hakusomewa.

"Sema tu," mkewe alimwambia siku moja akimkanda kwa kitambaa cha moto. "Sema unaumwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Sitakufa kwa nyonga."

"Nani kasema utakufa? Utaishi. Ndilo ninaloliogopa, uishi miaka ishirini kwenye kiti hiki na mimi chini nafunga kamba za viatu."

"Nimekwisha kusema moja. Nikisema nane leo, nitakuwa nani?"

"Mtu anayeumwa."

"Mwongo," alisema Mkaguzi, na mkewe akakamua kitambaa akaondoka nacho, maana kwa neno hilo alimwona mumewe amekwisha kujifungia ndani na ufunguo ameumeza.

Siku ya kupigwa picha ya mfupa ilifika, naye akapigwa. Ushoroba wa kliniki ulikuwa mrefu, una mstari wa manjano sakafuni, na juu ya mstari huo washiriki walitembezwa huku wakitazamwa. Mkaguzi alikuwa ameuzoea. Alikwenda polepole, mgongo wima, kidevu juu, akiukanyagia mguu mbovu kwa muda mfupi sana hata watu wakaudhani mwendo huo kuwa heshima. Jasho lilimtoka chini ya shati, ambako halikuhesabiwa. Alipofika mwisho aliketi kwenye benchi kando ya mkewe, akangoja kuitwa asomewe picha.

Fundi alikuwa amekwisha kukaa pale, magongo yake mawili yameegemea ukuta. Alikuwa fundi wa vigae, mtu wa umri wa kuwa mwanawe, na yeye na Mkaguzi walitobolewa mfupa mwezi ule ule.

"Shikamoo, Mkaguzi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, Fundi. Mguu waonaje?"

"Mguu upo. Mwenyewe ndiye simo. Leo nimempa yule daktari tisa. Nilitaka kusema kumi nikaona haya. Kumi nimemwachia mke wangu, yeye amezaa mapacha. Na wewe je?"

"Moja."

Fundi alipiga mluzi mdogo. "Mzee wangu, wewe ulirudishiwa uboho wa simba. Sisi wengine tumetobolewa tu, kama ukuta wa kupitishia bomba, halafu bomba lenyewe likasahauliwa."

"Hakuna ajuaye nani alirudishiwa."

"Benchi linajua. Benchi hili lina akili kuliko kompyuta yao. Likimwona mzee anatembea kama bwana harusi, linajua." Alijisogeza, akauma meno, kisha akatabasamu tena. "Sikiliza habari yangu. Mfupa wangu umebonyea. Wamenionyesha picha, ni kama kopo lililokanyagwa na lori. Madaktari wa viungo bandia wanakuja wiki ijayo, na nafasi imebaki moja. Wakaniita, wakasema, chukua. Asubuhi hii nimekataa."

Mkaguzi aligeuka. "Umekataa?"

"Nimekataa. Kiungo cha chuma wanakwambia usikipigie magoti ovyo. Fundi wa vigae asiyepiga magoti ni nani? Mpiga soga. Nami soga sijapata wa kunilipa. Nikajiuliza: huyu Mkaguzi tulilazwa wodi moja, tukatobolewa mwezi mmoja, na yeye ana moja. Kama mfupa wake umefufuka, wangu una kiburi gani? Nitangoja nao utafufuka."

Mke wa Mkaguzi aliuhamisha mkoba wake kutoka paja hili kwenda lile. Kabla mumewe hajafungua kinywa, muuguzi alimwita ndani.

Daktari alikuwa ameigeuza kompyuta ili mzee aone. Nyonga mbili ziling'aa kwenye giza la picha. Ya kulia ilikuwa mviringo kamili. Ya kushoto ilikuwa imekatika juu, bapa, kama yai la kuchemsha lililobonyezwa kwa kidole gumba.

"Umeona, Mzee?"

"Nimeona."

"Kichwa cha mfupa kimebonyea. Kwa picha kama hii wengine wote wananipa saba, nane. Wewe una moja, unatembea mstari wote bila kusimama." Sauti yake ilijaa mshangao wa mtu aliyeokota kitu njiani. "Huwa yatokea, kwa nadra. Nitaipeleka habari yako kwenye mkutano wetu. Labda tiba hii inazuia maumivu hata pale isipouokoa mfupa. Ikiwa ni hivyo ni jambo kubwa."

"Na hicho kiungo bandia?"

"Wewe? Hapana, usiwe na hofu. Kanuni yetu hutaka mambo mawili: mfupa uliobonyea na mtu anayeumia. Hatupasui picha, twapasua mtu. Kukupasua wewe usiyeumwa ni kukudhulumu." Alichukua kalamu. "Isipokuwa kama kuna jambo hukuniambia."

Chumba kilikuwa kidogo. Dirisha lake lilitazama ukuta wa jengo jingine, na mtambo wa hewa ulivuma bila kupoza. Mkaguzi alihisi nyonga ikigonga kama mlango unaogongwa na mtu wa ndani. Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa ulimini. Alifikiri juu ya mkutano, juu ya madaktari wakiitazama ile moja yake ukutani, na namna daktari huyu alivyofurahi. Kulitamka ilikuwa kulibomoa jengo lote, na yeye mwenyewe akiwa ndani.

"Hakuna, binti yangu."

"Basi tutaonana mwezi ujao. Na kumbuka, uko huru..."

"Nitaendelea."

Alitoka wima. Mkewe alisimama kumpokea, akamsoma usoni, akaketi tena.

"Wamesemaje?" Fundi aliuliza. "Umefufuka?"

Mkaguzi alijishusha kwenye benchi kwa mikono.

Fundi aliacha mzaha. Alisogea karibu na kushusha sauti. "Mzee, nisikilize. Sasa sikuulizi kama mgonjwa mwenzangu, nakuuliza kama mwanao. Yule mwenye kuita watu wa nafasi bado hajaondoka. Nikingoja, itakuja siku nitaamka kama wewe? Ukisema ndiyo, nakwenda nyumbani nimetulia."

Katika miaka ya kazi yake Mkaguzi aliwahi kuwavua vyeo walimu wakuu walioongeza alama za watoto ili shule ionekane njema. Alikuwa akiwaambia, bila kupaza sauti, kwamba alama ya uongo haimdhuru mkaguzi, maana yeye hupanda gari akaenda zake. Humdhuru mtoto anayebaki darasani akiamini anajua. Walimu walilia mbele yake naye hakutetereka. Sasa aliyatazama magoti ya Fundi, yamefanya sugu kama visigino, na mikono yake mikubwa iliyokuwa ikingoja jibu juu ya magoti hayo.

"Usingoje," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu naumwa."

"Kidogo, umesema. Moja."

"Sikusema kidogo. Nasema naumwa."

Fundi alimtazama mke wa Mkaguzi. Yeye akatikisa kichwa. "Usinitazame mimi, mwanangu. Mwenye nyonga ndiye huyo. Mimi namfunga viatu tu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo," alisema Mkaguzi. "Sikupata nafuu hata ya siku moja. Na mfupa wangu umebonyea kama wako."

Damu ilimpanda Fundi usoni.

"Kwa hiyo ulikuwa ukinicheka."

"Sikukucheka."

"Basi miezi yote hii, kila nikikuuliza, ulikuwa ukifanya nini?"

Mkaguzi alilitafuta jibu kwa uaminifu, na lililokuja lilimwaibisha hata yeye.

"Nilikuwa nafaulu."

"Ulikuwa unafaulu," Fundi alirudia. Hakupaza sauti. "Na mimi nikirudi nyumbani nikadhani nafeli peke yangu. Nikadhani mwili wangu ndio mjinga. Mke wangu ananiambia, mbona yule mzee amepona, wewe hujikazi? Jikaze kisabuni, ananiambia." Alishika magongo, akainuka kwa vishindo. "Niache nipite, nikaombe nafasi yangu kabla hajapewa mtu mwingine."

"Twende wote."

"Sihitaji kusindikizwa."

"Sikusindikizi. Nami nina neno la kusema mle ndani."

Aliinuka bila kuupanga mwendo. Kwa mara ya kwanza katika ushoroba ule alitembea kama alivyotembea nyumbani: mwili ukianguka upande wa kushoto kila hatua, mkono ukitafuta ukuta. Fundi, aliyekuwa na haraka na magongo, alimtangulia mbali. Alipogeuka akamwona, alisimama kidogo. Hakumngojea, lakini mlango aliuacha wazi.

Nafasi ilikuwa haijatolewa. Daktari aliinua simu, akaongea maneno machache, akamwambia Fundi aende chumba cha damu akapimwe. Fundi alishukuru. Alipompita Mkaguzi mlangoni hakumtazama.

Kisha Mkaguzi alisema lake. Alilisema kwa ufupi na kwa mpangilio, amesimama, kwa kuwa kuketi kungemfanya aombe huruma. Daktari hakumkatiza. Alipomaliza, kalamu ilikuwa imelala mezani.

"Kila mara uliyokuja?"

"Kila mara."

"Nilikuwa nimekwisha kuanza kuamini," daktari alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya upole. "Si kwa ajili yako tu. Wako wagonjwa wapya niliotaka kuwaambia wasiharakie upasuaji."

"Ndiyo maana nimerudi."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulisema mnanitegemea."

"Tulikutegemea useme, Mzee. Si upone."

Mkaguzi aliinamisha kichwa. Akauliza kama zile namba za nyuma zinaweza kufutwa, kisha akajijibu mwenyewe kabla ya daktari: alama iliyoandikwa haifutwi. Zitabaki vilevile, daktari alithibitisha, na pembeni yake yataandikwa aliyoyasema leo. Na kiungo bandia? Hapo daktari alisita. Wakubwa wake watauliza, mtu aliyekuwa na moja miezi yote hii na nane leo, baada ya kusikia kuna nafasi, aaminiwe lipi? Watataka kumwona akipimwa upya mara kadhaa. Nafasi ya wiki ijayo imekwisha. Timu nyingine itakuja, lakini tarehe haijulikani.

"Kwa hiyo nimejifunga mwenyewe."

"Kwa sasa, ndiyo. Nitaandika barua ya kukuombea, lakini siwezi kuahidi." Aliisogeza rula mezani. "Kama bado unataka kuwa nasi. Na ukitaka kuwa nasi, niletee nyonga. Usiniletee alama."

Mkaguzi aliweka kidole juu ya nane, akakiacha pale mpaka daktari alipoandika.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimletea magongo. Yalikuwa marefu kwake. Akayafupisha kwa kufungua na kukaza skurubu, akamfundisha kanuni. Kupanda, mguu mzima hutangulia. Kushuka, magongo kwanza, kisha mguu mgonjwa, kisha mzima. Mkaguzi aliirudia kanuni kwa sauti bila kosa, kama alivyowataka wanafunzi wairudie.

Lifti ilikuwa mbovu. Mkewe alitangulia ngazini, akishuka kinyumenyume huku ameinua mikono kana kwamba angeweza kumdaka. Ngazi za kwanza zilikwenda vizuri. Katikati, kanuni ilimponyoka: aliutanguliza mguu mzima, mzigo wote ukaangukia nyonga ya kushoto, na hapo akasimama. Hakuweza kushuka wala kurudi juu. Gongo moja lilikuwa ngazi ya chini, jingine ngazi yake.

Nyuma yake watu walianza kujaa: mama mwenye mtoto mgongoni, wauguzi wawili, mtu aliyebeba maboksi.

"Mzee, vipi?" mmoja aliuliza. "Tupishe basi."

Mkewe alifungua kinywa kumjibia, akakifunga. Alimtazama mumewe, akangoja.

"Ngojeni," alisema Mkaguzi, na sauti yake ikafika mpaka chini. "Naumwa."